Ufunguo wa Pili

4 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini mkazamjomba hajambo, mguu umepungua kuvimba, na wewe bado unabishana na redio kana kwamba msomaji wa habari anakusikia. Mimi ni mzima, ila koo limepumzika mno. Huku sijapata wa kupiga naye soga, na wewe uliyenibandika jina la Chiriku unajua hiyo ni adhabu ya namna gani.

Kazi nimeipenda. Wafugaji wanaleta maziwa asubuhi, nami nayapima kabla hayajamiminwa kwenye tangi kubwa. Nachovya kipimo, nakitazama kinavyoelea, nasema haya yapokelewe, haya yametiwa maji. Tayari kuna wazee wawili watatu hawaniitikii salamu. Chumba changu kipo uani kwa mama mmoja mjane anayeshona mapazia. Cherehani yake inaanza kabla ya jogoo. Dirisha langu linatazama kamba za nguo.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Ile baiskeli yako ya kupelekea barua ndiyo miguu yangu huku. Naiegesha nje ya kiwanda, kwenye nguzo za uzio, na kuifunga kwa kamba ya katani kama mbuzi. Juzi mwenzangu wa maabara alitoka kazini akakuta gurudumu la mbele limebaki peke yake, limefungwa vizuri kabisa kwenye nguzo. Baiskeli nzima imefunguliwa nati ikaondoka, kama mtu aliyekula samaki akakuachia mwiba. Alicheka, kisha akalia.

Wewe umeegesha baiskeli hiyo milangoni mwa watu maisha yako yote na haikuibwa. Nichague kufuli gani?

Mpwa wako,
Chiriku


19 Machi

Chiriku,

Marahaba mwanangu. Barua yako tumeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mkazamjomba asikie akiwa jikoni. Mguu wake unaendelea vizuri. Redio imeharibika, kwa hiyo amani imerudi nyumbani.

Kuhusu kufuli, nisikilize. Usidanganyike na waya mwembamba uliovishwa plastiki ya rangi. Koleo la fundi umeme linaukata kama uzi. La namba nalo sikushauri, maana mtu mwenye subira hukaa akazungusha mpaka lifunguke. Chukua mnyororo wenye pete nene na kufuli zito, au lile la chuma kizima kilichopindwa kama kwato la farasi. Lishike mkononi. Likikuchosha mkono, litamchosha na mwizi. Pitisha chuma kwenye fremu na gurudumu la nyuma kwa pamoja, uzungushie kitu ambacho hakiwezi kuinuliwa wala kung'olewa. Tundu la ufunguo lielekee chini, mvua isiingie na mkono wa mtu usifike kirahisi. Mnyororo usilale chini, kwa sababu ardhini ndipo mwizi anapopata pa kuugongea nyundo.

Kufuli hutoka na funguo mbili. Mmoja uvae shingoni, wa pili niletee mimi. Ukipotea wa kwako, utajua wa pili ulipo, na wengine hawatajua.

La mwisho, nunua mbali kidogo na unapoishi, na muuzaji akikuuliza unakaa wapi, mwambie unakaa kwenye viatu vyako. Cheka tu, lakini fanya.

Mjomba wako


11 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tumepata mvua ya wiki nzima, mapazia ya mama mwenye nyumba hayakauki, na sisi wapangaji tunakula maneno yake badala ya staftahi. Mwambie mkazamjomba kile kitambaa alichonifumia kimenivisha heshima kiwandani. Hata mzee mmoja wa wale wa maziwa yenye maji alinisalimia.

Kufuli nimenunua. Lile la kwato, zito, kama ulivyosema. Nimelinunua kwenye duka dogo la kufuli na funguo lililo mkabala na posta. Mwenye duka wote wanamwita Fundi. Ni mtu wa makamo, mkimya, kucha zake safi kuliko zangu, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa mtu anayechonga chuma. Nilimpa mawaidha yako yote, la tundu la ufunguo kuelekea chini na la ardhini na nyundo, akatabasamu akasema mjomba wako amesoma. Ila lile la viatu sikumwambia, nisije nikamwudhi.

Kulikuwa na ufunguo mmoja tu kwenye kifurushi. Alisema wa pili umepotea safarini kutoka kiwandani kwao, lakini atanichongea bure. Nikasahau kuufuata. Wiki iliyopita akauleta mwenyewe getini kwetu kazini, umefungwa kwenye kikaratasi. Sikuwa nimemwambia ninafanya kazi wapi. Pengine harufu ya maziwa inanitangulia.

Tukutane kwenye barua.

Chiriku


2 Mei

Chiriku,

Marahaba. Hapa tupo. Mkazamjomba amepanda maua kwenye makopo ukutani na ananikataza kupita karibu. Redio imepona, sema nimeikosa ile amani.

Nina swali moja, na nikishauliza sitaongeza kitu kingine. Alijuaje?

Niletee huo ufunguo wa pili.

Mjomba wako


30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Ulivyoandika kwa ufupi nilidhani umepatwa na homa. Mkazamjomba na maua yake nawasalimu.

Umezeeka ukaanza kuogopa watu wema. Fundi aliniona tu nikipita na baiskeli asubuhi, akaona naelekea kiwandani. Mji wenyewe ni kiganja. Ufunguo huu hapa ndani ya bahasha, usinuse hila.

Nikupe habari njema. Kuna mtu anaitunza baiskeli yako. Mara ya kwanza nilitoka kazini nikakuta cheni imepakwa mafuta, safi, haidondoshi. Mara ya pili tairi zimejazwa upepo. Wiki hii tandiko limeinuliwa kidogo, na kweli magoti hayaniumi tena. Kufuli limefungwa vilevile nilivyolifunga. Nilimshukuru mlinzi wa getini. Akaapa kwamba hajaigusa. Wenzangu wanasema nina malaika wa baiskeli. Nimejikuta natoka kazini kwa haraka ili nione leo kimefanyika nini.

Na mlango wangu nao umepata mganga. Kitasa kilikuwa kinakwama, mama mwenye nyumba analalamika ninavyokipiga bega. Fundi amekuja kunifungia kipya, amekataa hata maji ya kunywa. Sasa nafunga kwa kidole kimoja.

Usitumie tena anwani ya kiwanda, barua huko zinapotea kwenye madawati ya wakubwa. Tumia sanduku la Fundi, namba nimeandika nyuma ya bahasha. Za kwenda kwako ananitumbukizia yeye, maana posta iko mlangoni kwake.

Chiriku


16 Juni

Mwanangu,

Hii naituma kiwandani kwa makusudi. Ikikufikia, isome ukiwa peke yako, na usiiache chumbani.

Nimebeba barua za watu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Bahasha yako ilifika imegandishwa vizuri, ila gundi ilikuwa imetoka nje ya mstari na karatasi imekunjamana pale mvuke ulipopita. Ndani kuna barua yako. Kwenye mkunjo kuna alama ya ufunguo, imejichora kwa kubanwa, mpaka meno yake nayaona. Ufunguo wenyewe haumo.

Fikiri nami taratibu. Tandiko la baiskeli ile linakazwa kwa nati iliyoshika kutu, huwezi kulipandisha bila kuilaza baiskeli. Na huwezi kuilaza ikiwa imefungwa kwenye uzio kwa chuma kifupi. Kwa hiyo kufuli lilifunguliwa, kazi ikafanyika, likafungwa tena. Mlinzi hana ufunguo. Mimi sina. Mwizi anayefungua kufuli akaiacha baiskeli, Chiriku, hakuwa ameifuata baiskeli.

Na mtu huyohuyo ndiye aliyekufungia kitasa cha mlango unakolala.

Sikuamuru, umeshakuwa mtu mzima. Nakuomba. Nunua kufuli jingine kwa mtu mwingine, usimwambie yeyote, kisha utazame nini kitatokea. Na kitasa kibadilishwe. Nilipiga simu kiwandani. Aliyepokea alisema uko kwenye matangi, akaahidi kukupa ujumbe. Nimekaa karibu na simu ya jirani hadi mwenyewe akaanza kunionea huruma.

Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Mjomba wako


28 Agosti

Mjomba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama salimini pamoja na mkeo. Mimi ni mzima na sina neno.

Napenda kukufahamisha kwamba nimeposwa na mwenye duka la kufuli, na nimekubali. Ni mtu mpole na anayejali. Mwisho wa mwezi ujao nitaacha kazi kiwandani kwa kuwa si lazima tena nifanye kazi. Kwa hiyo usiandike tena kule, wala usipige simu, inawasumbua watu.

Usihangaike kusafiri kuja huku kwa sasa. Tutakuja wote wawili mambo yakishatulia.

Ni mimi mpwa wako


12 Septemba

Mpwa wangu mpendwa, pamoja na mchumba wako,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Habari ya posa tumeipokea kwa furaha, mkazamjomba amepiga vigelegele hadi majirani wakauliza. Nilikuwa na wasiwasi wa kizee, maana nilikulea mimi baada ya marehemu mama yako, na mlezi haachi kulea. Sasa nimetulia. Mwanamume anayejua kufunga mlango vizuri ni mume tosha.

Jambo moja tu linatutia simanzi. Bibi yako anaumwa sana. Hali wala hanywi ila kwa kijiko, na kila akifumbua macho anakutaja wewe. Amesikia habari ya ndoa, anasema hawezi kuondoka duniani bila kukuwekea mkono kichwani kwanza. Ni neno la mgonjwa, na ndoa isiyo na baraka ya mkubwa huwa na mikosi. Namwomba mchumba wako, kwa heshima ya kiume, akuruhusu uje upesi, na uje peke yako, kwani mgonjwa hataki kuonwa na mkwe akiwa katika hali hiyo. Ukishapata baraka utarudi mara moja, na siku ya harusi sisi tutakuwa wageni wake.

Mwambie pia kwamba namshukuru kwa kuitunza baiskeli yangu.

Mjomba wako


7 Oktoba

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Nipo hai na sijaguswa. Naanza na hilo ili mkazamjomba aketi.

Hapa nilipo ni kwa dada yake yule mwenzangu wa maabara, aliyeibiwa baiskeli akaachiwa gurudumu. Barua hii ataipeleka posta huyo dada mwenyewe.

Barua yako ya Juni ilinifikia. Mwenzangu alinipa mkononi nikiwa kwenye matangi. Nilikasirika, mjomba. Nilikuwa nimeshamkubalia yule mtu kabla hujaandika, na sikukuambia kwa kuwa nilijua utasema nini. Nikaikunja barua nikaiweka kwenye kiatu. Lakini ulichoandika kuhusu nati ya tandiko kilinikaa. Jioni ile nilijaribu kuilegeza nikiwa nimeifunga baiskeli kwenye uzio, haikuwezekana.

Nikanunua kufuli jingine kwa mchuuzi wa sokoni aliyekuwa anapita njia. La kwato pia, jeusi kama la kwanza, ukiyaweka pamoja huwezi kuyatofautisha. Sikumwambia mtu. Nikafunga baiskeli kama kawaida, tundu likielekea chini.

Siku ya tatu Fundi alikuja kunisalimia. Tulikuwa uani, mama mwenye nyumba anashona, mimi naanua nguo. Alikuwa anapangusa mikono kwa leso, anazungumza habari za hali ya hewa, kisha akasema kwa sauti ileile ya upole: "Mbona ufunguo siku hizi hauingii?"

Nadhani hakujua kama amelisema hadi alipolisikia. Mimi nilibaki nimekumbatia shuka mbichi. Cherehani ya mama ilikuwa inaendelea. Kisha akaomba maji, akanywa yote, akasema asante, akaondoka.

Nilidhani hataonekana tena. Kesho yake nilirudi kazini nikafungua mlango, mlango niliokuwa nimeufunga mwenyewe na kuujaribu mara mbili, nikamkuta ndani. Amekaa kwenye kiti changu, ameweka magazeti sakafuni ili asichafue, anarekebisha mguu wa meza uliokuwa unayumba. Hakushtuka. Aliniambia nikae, nimechoka. Nikakaa, mjomba. Nilikaa kwenye chumba changu kama mgeni. Nilipomwuliza ameingiaje, alisema mume na mke hawaulizani maswali ya mlango.

Baada ya hapo hakuna siku aliyokosa kuja. Hakunipiga, hakunitukana. Alipanga vitu vyangu. Nikitafuta kitana, kipo kwenye rafu zake mpya alizonitengenezea. Nikiandika, anasubiri nimalize ili akapeleke posta. Mama mwenye nyumba nilimwambia. Akasema mwanangu, wenzako wanalilia mwanamume wa namna hiyo. Nilibadilisha kitasa kwa fundi mwingine, siku ileile akakuta kipya, akakitazama kwa muda mrefu, akasema kazi hii ni mbovu. Jioni kikawa kimerudishwa chake.

Ile barua ya Agosti alinikalia pembeni nikiandika. Alikuwa anamenya chungwa. Maneno yalikuwa yake, mkono ulikuwa wangu. Nilikuita "mpendwa" na sikutia jina langu, ni hicho tu nilichoweza.

Halafu ikaja yako. Alinisomea yeye mwenyewe, kwa sauti, amesimama mlangoni. Alipofika pale kwa bibi, bibi tuliyemzika nikiwa bado sijavunja ungo, nilifunika uso kwa mikono miwili. Alidhani nalia. Mshukuru Mungu kwamba sikuwahi kumweleza habari za bibi. Mara moja tu maishani chiriku alibana mdomo, na ikawa ndiyo siku yake.

Alikubali kwa sababu ya lile neno lako la heshima ya kiume. Alinisindikiza hadi kituo cha basi, akabeba mfuko wangu, akanichagulia kiti cha dirishani. Baiskeli akasema ibaki dukani kwake, ndiyo itakayomhakikishia kwamba nitarudi. Basi lilipoondoka alikuwa bado amesimama, hajapunga mkono, anatazama tu namba ya nyuma ya gari.

Sikufika kwako kwa makusudi. Nilishuka katikati ya safari, palipokuwa na watu wengi. Kwako ndiko atakakoanza kunitafuta. Anwani yako ameiandika juu ya bahasha kwa mwandiko wake mwenyewe, tena mara nyingi.

Baiskeli yako nimeiacha. Nisamehe kwa hilo, na kwa hilo tu.

Chiriku


25 Oktoba

Chiriku wangu,

Marahaba, marahaba mara elfu. Mkazamjomba aliketi kama ulivyosema, na hakuinuka mpaka jua likazama. Kuhusu baiskeli, hebu usinifanye nicheke. Chuma ni chuma.

Ila lazima nikueleze yaliyotokea hapa, maana kukuficha kungekuwa kukufungia mlango kwa nje.

Alikuja Jumanne. Nilikuwa nakata ua, nikaona mtu anasukuma baiskeli barabarani, taratibu, kama anayesindikiza mgonjwa. Nilimjua kwa kucha. Baiskeli ilikuwa inang'aa, ameipaka rangi mpya, kengele ameibadilisha. Alinipa shikamoo vizuri kabisa. Sikuwa na la kufanya nikamkaribisha barazani, kwa kuwa watu walikuwa wanapita na mimi nilitaka wamwone uso.

Akauliza hali ya bibi. Mkazamjomba ndiye aliyemjibu, bila kupepesa jicho, akamwambia bibi amepumzika. Akatoa pole. Akasema basi huyu mpwa wenu yuko kwenye matanga. Nikamwambia alikuja, akaondoka, na sisi wazee hatuambiwi safari za vijana. Alinitazama kama anavyomtazama mteja anayeleta kufuli lililovunjwa. Hakubisha. Alizungusha macho tu: kitasa cha mlango wetu, bawaba za dirisha, komeo la geti. Nilijua anavisoma kimoja baada ya kingine, kama mimi ninavyosoma anwani.

Alipoaga aliifunga baiskeli kwenye geti letu. Chuma cha kwato, kipya, amekipitisha kwenye fremu, gurudumu la nyuma, na nguzo ya geti pamoja na bawa lake, hata geti likawa halifunguki ila upenyo wa kupita mtu mwembamba kwa ubavu. Tundu limeelekea chini. Akaweka ufunguo mfukoni mwa shati, akaupapasa.

"Ufunguo ninao mimi," alisema. "Akiutaka atanifuata."

Nilikwenda polisi siku hiyohiyo. Walinisikiliza, wakaniuliza ameiba nini. Nikasema hajaiba. Amepiga nani? Hajapiga. Wakasema mzee, mtu amekurudishia baiskeli yako ikiwa imepakwa rangi, sisi tumshike kwa kosa gani? Kijana wa zamu alikuwa na adabu, aliandika maelezo yangu yote na jina la duka, akasema akionekana tena tuwaite. Ni mwanzo. Mwenzako wa maabara naye aende polisi wa huko, akatoe maelezo kuhusu mlango. Yule mama wa mapazia ana macho, abanwe mpaka aseme alichoona. Nimemwandikia yeye pia.

Hatujui kama ameondoka mjini. Mwenye nyumba ya wageni anasema alilipia, hakulala. Mke wa jirani anadhani alimwona Alhamisi kwenye foleni ya posta, amesimama tu, hanunui stempu.

Mimi na fundi wa kuchomelea tumelikata lile kufuli. Lilituchosha mikono kweli, kama nilivyolisifia kwako wakati ule, nami nilikuwa nalitukana kila msumeno ulipoteleza. Baiskeli iko chumbani kwangu, sitaki iguswe nje. Usiku mkazamjomba anaegemeza meza mlangoni. Tunachekana, lakini tunaiegemeza.

Sasa sikia, na hili naliamuru. Usirudi kazini kule, na pale ulipo uhame, hata kama wenyeji ni wema, maana mwenzako anajulikana kiwandani. Barua zako usizilete kwa anwani yangu. Zipeleke kwa mzee niliyefanya naye kazi posta, jina lake na sanduku lake vipo kwenye kile kitambaa mkazamjomba anachokutumia, vimefumwa kwenye pindo. Atanikabidhi mkononi. Na usiniandikie uko wapi. Niandikie kwamba upo.

Mjomba wako


19 Desemba

Mjomba wangu, na mkazamjomba,

Shikamooni. Nipo.

Nimepata kazi, sitasema ipi. Nafika kwa miguu, na miguu imekumbuka kazi yake. Polisi wa kule walikwenda dukani kwake baada ya mama wa mapazia kusema, wakakuta pamefungwa na kibao kimetolewa. Ndani, kwenye misumari ukutani, kulikuwa na funguo nyingi, kila mmoja umefungiwa kikaratasi chenye jina la mwanamke. Wanawafuata mmoja mmoja kuwaambia wabadilishe vitasa. Yeye hawajamwona.

Hapa nilipo nina chumba chenye mlango mmoja. Nilikwenda kutafuta kitu cha kufungia, nikasimama dukani mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa. Vitasa vilikuwa vingi, vya kila aina, vyote vina tundu. Mwishowe nimenunua komeo la chuma, lile la kusukuma kwa mkono, la watu maskini. Nimeazima bisibisi nikalifunga mwenyewe kwa ndani. Halijanyooka, kona moja imeinama. Lakini halina ufunguo, mjomba. Hakuna wa kwanza wala wa pili. Analifunga aliye ndani, na kulifungua ni mpaka apende yeye.

Nikitoka, mlango wangu hauna kitu, mtu anaweza kuingia akachukua anachotaka. Sina kitu cha kuchukuliwa. Nikirudi, natazama kwanza chini ya kitanda na nyuma ya pazia, kisha ndipo nalisukuma komeo, nakaa, navua viatu.

Jana nililala mpaka asubuhi.

Chiriku